Wanataka Niitwe Yakobo

Baba Pasta Yakobo,

Nimefunga mlango kwa komeo, ingawa jua liko juu ya kichwa na hakuna mwizi anayetembea saa hizi. Nje Marta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kila akiinua mchi anaguna, ili nisikie kwamba mke anafanya kazi na bwana yake amejificha. Ni kweli nimejificha. Naogopa, Baba. Minyi, Samweli wako, naogopa, na mtu niliyezoea kumkimbilia nikiogopa ni weye, na weye tulikuzika mvua zilipokuwa zinaisha.

Usinikasirikie kwa barua hii. Najua ulichotufundisha. Ni weye uliyesimama mbele ya ndugu zako, kwenye kilio cha mama yako, ukakataa kumwaga pombe chini, ukawaambia, "Mama iko kwa Mungu. Haombwi kitu, hasumbuliwi." Basi sikuombi kitu. Sitaki unijie katika ndoto, sitaki dalili yoyote. Nataka kusema tu, maana watu wote ambao ningeweza kuwaambia wamo ndani ya jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho Jumapili wazee wa kanisa wanataka kunikalisha kwenye kiti chako, wanipake pemba, udongo mweupe, mikononi, na waniite Yakobo.

Ndiyo, Yakobo. Samweli atakuwa amekwisha.

Weye ni Muluba, huna haja ya kuelezwa, lakini acha niandike ili nilione vizuri mimi mwenyewe. Kijijini chifu akifa, yule anayeshika mahali pake hupakwa ule udongo mweupe na kupewa jina la marehemu, na tangu siku hiyo watu humsalimu kana kwamba mzee alikuwa safarini na sasa amerudi. Aliyoyaamua yule yanabaki yameamuliwa. Rafiki za yule ni rafiki za huyu. Wake za yule ni wake za huyu. Na neno lake hakuna wa kulipinga, kwa sababu nani atabishana na mtu aliyekwenda kwa wafu akarudi? Mzee Danieli amelichukua jambo hilo lote, amelinyunyizia maombi na nyimbo, na analiingiza kanisani. Na kinachoniumiza ni kwamba anafanya kwa upendo.

Ungemwona siku ya maziko! Kapita mkubwa wa reli, msimamizi anayefanya wanaume wazima waruke akikohoa, alibeba jeneza lako toka nyumbani hadi makaburini, akakataa kupokewa. Vijana walimwambia, "Mzee, tukusaidie sasa." Akawatazama vibaya wakarudi nyuma. Tangu hapo hajanyoa. Ananiambia, "Samweli, kanisa ya hapa ni Yakobo. Bantu hawakuja juu ya nyumba, walikuja juu yake. Akiwa hayuko, bamoja watapanda kule kwa mapadri, bengine watarudia mizimu. Minyi sitaki kuona ile." Nitamjibu nini? Na minyi nilikuja juu yako, kwa sababu yako. Nilikuwa nafunga nati kwenye ateliye, karakana ya reli, mlevi, mtukanaji, na ni weye uliyekuja kuniangalia nilipoumia mguu, ukakaa, hukusema neno la Mungu hata moja, ukanipikia uji. Uji wenyewe haukuwa na chumvi. Nilikuambia, ukacheka.

Danieli alipoleta habari hii mara ya kwanza nilicheka pia. Nilidhani ni huzuni, itapita. Lakini kumbe ilikuwa imeanza zamani, na ilianza na Jumatatu.

Unakumbuka Jumatatu yako? Watu wakitoka kazini, ulikuwa unakaa barazani na kiti kimoja kitupu mbele yako, na yeyote aliyesikia kosa katika mahubiri ya jana alikuja, akakaa, akalisema. Mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba yako. Mama mmoja muuza makayabo, mikono bado inanuka samaki, alikuambia usoni kwamba umewagombeza vijana kwa hasira zako mwenyewe na si kwa Neno. Nilitaka kumfukuza. Weye ukamwambia, "Aksanti, Mama. Ni kweli." Na Jumapili iliyofuata ukalisema mbele ya kanisa lote, ukawaomba vijana radhi. Nikakuuliza nyuma ya nyumba kama huogopi kudharauliwa. Ukaniambia, "Siku bataacha kunirudi, ujue nimekuwa chifu. Na hii kanisa iko na Chifu moja tu, na haiko minyi."

Ulipokwenda, nilitoa kiti barazani kwangu Jumatatu kama ulivyofanya. Hakuna aliyekuja. Nikasema ni kilio, watu wana huzuni. Jumatatu nyingine, hakuna. Watu walipita njiani, wakaniinamia kichwa, wakaenda zao. Halafu Jumapili moja, kwa woga wa kusimama pale mbele, nikasema kwamba Isaka alimwoa Raheli, ambaye ni mke wa mwanawe. Kanisa zima likaitika, "Amina." Nyumbani Marta alinicheka mpaka akashika ukuta, lakini Marta ni mke wangu, kunirudi ni kazi yake ya kila siku. Wengine je? Danieli anayejua kitabu cha Mwanzo kuliko jina la mtoto wake, yeye naye alisema Amina.

Nikawajaribu, Baba. Jumapili iliyofuata nikasema kwa sauti kubwa, tena polepole, kwamba mtume Paulo alishuka kutoka chomboni akatembea juu ya maji. Nikangoja. Moyoni nilikuwa naomba mtu mmoja tu akunje uso. "Amina!" Walisema kwa nguvu kuliko mara ile ya kwanza. Hapo njo niliogopa kabisa. Sikujua hata nilimaliza vipi.

Nilimfuata Danieli nje. Nikamuuliza kama hakusikia. Akasema alisikia. Nikamuuliza, sasa? Akaniwekea mkono begani kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Pasta akisema, imesemwa. Bado weye ni mupya. Siku ya pemba utapata akili yote ya Yakobo."

Unaona hapo? Nikiwaambia kesho wauze nyumba zao watauza. Nikiwaambia wachukie majirani zao watachukia, na watasema Amina.

Na si hayo tu. Wananiambia nakohoa kama weye. Wananiambia nimeanza kuinua kidole kama weye treni ikipiga filimbi katikati ya mahubiri, ukawa unangoja na kidole chako juu mpaka ipite, na watoto wote wanainua vidole vyao pamoja nawe. Kweli nakiinua, nimekushtukia mkononi mwangu mara nyingi. Mzee mmoja aliyekuwa akiniita "mutoto wa ateliye" juzi alivua kofia nilipopita. Na unajua nini, Baba? Nilipenda. Nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele. Nilipofika mlangoni nikasikia baridi mwilini, kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. Siogopi kwamba wafu watanipanda. Naogopa kwamba hakuna atakayenipanda, nitakuwa ni minyi tu, Samweli yuleyule mwenye hasira, nimevaa jina lako na hakuna mtu wa kuniambia basi.

Kuhusu Mama Ruti, mjane wako, sijui niandike vipi. Ndugu zako waliokuja toka Malemba-Nkulu kwa ajili ya kilio hawakusema wazi, ila mmoja wao aliniuliza kama nyumba yangu ina chumba cha pili. Nilifanya kama sikuelewa. Mama Ruti mwenyewe ananipita bila kuniita kwa jina lolote. Zamani ilikuwa "Samweli, leta kuni", "Samweli, umechafua nyumba yangu na hivyo viatu." Sasa ni kimya. Nikienda kumsalimu anajibu akiangalia chini, na mikono yake inashika kitenge kwa nguvu. Mama yangu wa kiroho, ananiogopa! Marta yeye anasema wazi. "Kama weye ni Yakobo, minyi ni nani? Minyi sikuolewa na muzee wa meno mbili." Samahani, Baba, ni maneno yake, unamjua. Alisema akicheka. Kisha akaingia jikoni, na nilipomfuata nikakuta anafuta macho, akasema ni moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Na Bulamatari, serikali yenyewe ya Wazungu? Wiki hizi askari wake wanauliza maswali kambini kwa watu wa reli. Nani anakusanya watu, nani anaota ndoto, nani anasema nini juu ya Wazungu. Unajua walivyowachukua wale waota ndoto wa upande wa mto na kuwapeleka mbali, wake zao wakabaki wanalia kwenye stesheni. Sasa akisikia kwamba hapa Kamina iko mtu mweusi ambaye watu wake wanasema alikufa akarudi, atauliza kwanza maana ya pemba? Misionere angeweza kututetea, lakini amekwenda kwao Ulaya na alituachia neno moja tu, kwamba tuchague wenyewe. Danieli anasema Bulamatari hajui mambo ya pemba. Minyi naona anajua ya kutosha kuharibu.

Lakini kuna jambo linalonivuta upande wa pili, na hilo njo linaninyima usingizi. Sala.

Sala yule mjane kijana, unayemkumbuka kwenye banki, benchi la nyuma kanisani. Mtoto wake alipochomwa na homa alimpeleka kwa mganga, akafungwa hirizi, na kanisa likajua. Wazee wakamweka banki ya nyuma, asikaribie Meza ya Bwana. Kila Jumapili weye ulikuwa ukimaliza kuhubiri unatoka mbele, unakwenda kukaa naye kule nyuma mpaka wimbo wa mwisho. Watu walinung'unika. Ukawaambia aliye nje ya Meza asiwe nje ya familia. Na siku chache kabla kifua hakijakulaza, tukiwa tunatengeneza paa la kanisa, ukaniambia, "Sala ametubu. Meza inayokuja, atakula." Uliniambia minyi peke yangu, na nyasi mdomoni. Halafu ukafa.

Sasa wazee wanasema Yakobo hakumfungulia, na alichofunga Yakobo kimefungwa. Nimewaeleza ulichoniambia. Wananiangalia kwa huruma. Na Danieli, si mjinga yule, akaniambia taratibu, "Chukua jina. Ukiwa Yakobo, useme neno moja tu, Sala ataingia siku ileile. Nani atakukataza?"

Ni kweli, Baba! Hakuna atakayenikataza. Kwa neno moja yule binti atatoka banki ya nyuma. Bila jina lako nitabishana na wazee miezi, na pengine nitashindwa. Ningefanya jema kubwa kesho asubuhi, kwa urahisi, na halafu jema jingine, na jingine. Halafu siku moja ningefanya baya, na pia hakuna ambaye angenikataza.

Najaribu kukumbuka ungefanya nini. Maneno yako yananijia bila mpango. Mgonjwa kwanza, mahubiri baadaye. Usisikilize ugomvi wa watu wawili kabla hujala bukari, ugali, kwa huyu na kwa yule, ndipo usikilize. Usimbatize mtu kwa sababu amejibu maswali vizuri, kamuulize kwanza jirani yake. Usimtaje mke wako katika mahubiri, hata kwa kumsifu. Mpe nafasi ya kuhubiri hata yule anayegugumiza, na weye kaa chini umsikilize kama mtu mwenye njaa. Usiamue peke yako jambo ambalo likiharibika litawaumiza wote. Ukichoka, sema umechoka. Yote nayakumbuka. Lakini hukuniambia la kufanya siku watakapotaka kunifanya weye. Nadhani hukuwaza. Ulikuwa mwema mno kuwaza jambo kama hili.

Kuna mtu anabisha hodi. Ni sauti ya Danieli. Marta anamwambia nimelala, Mungu amsamehe. Danieli anasema atangoja. Ngoja nifiche karatasi.

*

Ni Jumapili mchana.

Jana Danieli alikuja kunionyesha pemba. Ameitoa mbali, kutoka kijijini kwenu, imefungwa kwa majani mabichi na juu yake kitambaa safi. Aliifungua magotini kama mtu anayefungua mtoto mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia palepale, Baba. Nilifungua mdomo. Nikaona macho yake mekundu, nikasema, "Imekuwa nyeupe sana." Hilo tu! Pasta mzima! Akaondoka na furaha, akidhani nimekubali. Marta alinitazama akasema, "Kesho useme, ao nitasema minyi." Na angesema kweli.

Leo kanisa lilijaa hadi nje. Wanaume wa reli walivaa mashati meupe, hata ambao hatujawaona tangu maziko. Meza ya Bwana ilikuwa imetandikwa, mkate chini ya kitambaa. Kiti chako kilikuwa mbele, kimepanguswa. Sala kule nyuma. Waliimba vizuri mpaka nikaona uchungu.

Danieli akafunua sahani ya pemba. Akasimama karibu na kiti, akasema kwa sauti ya kumwita mtu aliyeko mbali, "Yakobo!"

Sikuitika.

Akaita tena, "Yakobo!" na sauti ikamvunjika. Watu wote walikuwa wananiangalia mdomo. Mtoto mmoja alianza kulia mama yake akamziba mdomo. Nilidhani sitaweza kusema chochote, na kwamba kimya changu watakihesabu kuwa ndiyo, na watanivuta mkono wanikalishe.

Nikasema, "Yakobo amekufa. Minyi ni Samweli."

Yooo, Baba! Wanawake walipiga kelele kana kwamba umekata roho saa ileile. Mama mmoja alijitupa chini. Walikulia kuliko siku ya maziko, na minyi nikaelewa kwamba mpaka leo hawakuwa wamekubali. Danieli hakupiga kelele. Alisimama na sahani mikononi, pemba inamwagika kwenye viatu vyake, machozi yanateremka ndevuni. Akaniambia, si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira, "Umemuua mara ya pili." Akatoka. Wanaume wa reli wakainuka wakamfuata, na wake zao, na watoto wao. Banki baada ya banki zikabaki tupu. Nilitaka kupiga mbio niwashike nguo. Nilitaka kusema, rudini, haya, niiteni mnavyotaka!

Walibaki wachache. Mahubiri niliyoyatayarisha yalinitoka yote kichwani. Nikawaambia tu kwamba naogopa. Nikawaambia niliwadanganya kuhusu Paulo, na wakasema Amina, na kwamba kama hawatanirudi nitawapoteza njia na wao watanishukuru. Nikawaambia sina akili ya Yakobo, nina ile niliyofundishwa naye, na ni ndogo, na nahitaji akili zao. Nilirudia maneno hayohayo kama mlevi. Hawakusema Amina.

Kisha nikafanya pupa. Nikasema leo Sala aje mezani, kwa sababu Yakobo aliniambia.

Mzee Tomasi, yule fundi viatu asiyesema kitu toka tumjue, akasimama, anashikilia kiuno chake. "Hapana," akasema. "Ulisikia peke yako, Samweli. Sisi hatukusikia. Tukae kwanza, tumuulize na yeye Sala, tuombe. Ndipo."

Hapana! Tangu ufe sijasikia neno hilo kanisani. Nililitaka miezi yote hii, nilililia, na lilipokuja likanichoma kama kaa la moto. Maana lilimwangukia Sala. Nilimwona anavuta kitenge kichwani. Kwa jina lako, Baba, angekuwa amekwisha kula. Pemba ilikuwa pale chini, kidole kimoja tu kingetosha. Mungu anajua nilivyoitazama.

Nikasema, "Sawa, Mzee. Tukae kwanza." Nikakaa, si kwenye kiti chako.

Na mkate hatukuula. Nikakumbuka ulivyokuwa unapita nyumba kwa nyumba kabla ya Meza, ukiuliza kila mtu kama ana neno na mwenzake, na kama lipo, Meza inangoja. Nikawaambia hatuwezi kula na nusu ya ndugu zetu wametoka wanalia. Tukauacha chini ya kitambaa vilevile. Mlangoni nilimwomba Sala msamaha, nikamwambia wazee watakaa naye, nitakuwepo. Akanitazama kidogo. "Leo tumekosa bote," akasema. "Si minyi peke yangu." Sijui kama alikuwa ananifariji au ananichoma. Nadhani yote mawili.

Nilikuwa nimekwisha kutamka baraka, watu wanaanza kutoka, nikasikia sauti kutoka upande wa wanawake, ile kali ya zamani. "Samweli! Wagonjwa hawajaombewa. Unakimbilia wapi?"

Mama Ruti. Alikuwa amesimama wima, mikono kiunoni, ananiangalia usoni.

Nikarudi mbele. Nikaomba kwa ajili ya wagonjwa, nikasahau majina mawili, akayataja. Nililia katikati ya maombi, watu wakadhani ni Roho.

Sasa Marta ameweka bukari mezani na amefungua mlango, anasema nyumba haina hewa. Jua likishuka kidogo nitakwenda kwa Danieli. Naogopa kuliko asubuhi. Anaweza kunifukuza mbele ya watu wake. Anaweza kufungua kanisa lingine kule kambini, na kumpaka pemba mtu ambaye ataitika mara moja. Anaweza pia kukaa tu na kulia, na hilo njo naliogopa zaidi, kwa sababu sitakuwa na la kumwambia. Nitakaa naye. Nitakula akinipa. Akinifukuza nitarudi kesho, na siku nyingine, mpaka achoke yeye. Sitakwenda kumwambia amekosa. Nitakwenda kulia naye, kwa sababu na minyi sijakulia bado, nilikuwa na kazi ya kuogopa.

Barua hii Marta atawashia moto. Siwezi kuwakataza watu wasiongee na wafu na minyi nimekuandikia nyuma ya mlango uliofungwa. Ilikuwa barua hii moja tu.

Lala salama, Baba Pasta. Tulikupenda mno, hata tukataka kukunyima kufa. Wazee nitawasikiliza, hata watakaponiumiza. Kiti cha Jumatatu nitakitoa barazani, hata kikikaa kitupu mwaka mzima. Sala sitamwacha peke yake kule nyuma. Na wakiniita kwa jina lako, leo au uzeeni, hata wakiniita kwa machozi, sitaitika.

Na minyi, woga ukinishika nikakuita tena, Baba, usiitike.

Samweli